Boksi la Misalaba

Makoroboi, Jumamosi, saa nne na nusu.
Zamani walikaa hapa mafundi wa koroboi,
wakiyakunja makopo ya mafuta yakawa taa,
kwa hiyo usinishangae nikija hapa kutafuta chuma.

Ndaki anauza vurugu tupu: rimoti zilizofiwa na televisheni,
pasi zisizo na waya, viatu vya mguu wa kushoto,
na sidii zilizoshuka kontena moja na majokofu,
kazimwaga juu ya turubai la bluu.
Kiingereza chake ni cha namba tu. Anapanga kwa picha:
magari huku, wanawake huku,
na kila jalada lenye msalaba
analitia boksi la Injili.

Ndiyo maana nachimba kwenye Injili.
Kati ya kwaya na mahubiri ya Pasaka
wamelala vijana wangu wenye nywele za kiunoni,
misalaba yao imesimama kichwa chini.
Mama mmoja wa kitenge cha jumuiya ananitabasamia:
"Mwanangu, unalipenda Neno."
"Nalipenda, mama."
Sikudanganya. Maneno nayapenda.

Nainua moja juani. Upinde wa mvua unazunguka.
Mkwaruzo unaokata toka kati kwenda ukingoni, huo unavumilika;
unaofuata duara ndio unaoua wimbo.
Kaka yangu Lusalago alinifundisha hilo kabla hajaenda Geita,
hilo na jinsi ya kusikiliza besi:
usiitafute kwa sikio,
weka kiganja mezani.

Halafu nikaiona.
Mnara mwekundu, mawingu ya lami,
jina la bendi limeandikwa kama miiba, halisomeki.
Miaka mitatu!
Mate yalinikauka, lakini uso nikauvika ubaridi,
ukionyesha furaha Makoroboi umekwisha.
"Hili takataka shilingi ngapi?"
"Elfu tano."
"Kwani nimekuja kununua na turubai?"
"Elfu tatu, dada, kwa sababu ni kazi ya Mungu."
Nikafungua.
Vijino vya plastiki katikati vimeng'ata hewa.

Ndaki akakuna shingo.
Kumbe vijana wa baiskeli, wale wabeba mapanki,
hupita jioni wakachomoa, wakafunga nyuma ya kiti:
gari likimulika inawaka, dereva anakwepa.
"Santuri yako iko Igoma huko, inaokoa watu."

Nikalipa mia tano, bei ya kijitabu.

Tangu siku hiyo macho yangu yako nyuma ya kila baiskeli.
Mwenye baiskeli akidhani namtazama yeye, shauri yake.
Juzi Mabatini nilimkimbilia mmoja,
mifupa ya sangara imemzidi kimo,
nikaigeuza ile duara kwa kidole: masomo ya Kiholanzi.
"Siuzi," akasema, akakanyaga pedeli.

Jumatatu, saa ya uji, kiwandani.
Sisi wa minofu, buti nyeupe, vidole havina habari na sisi.
Nikakitoa kijitabu kwenye mfuko wa nailoni
nikawasomea, nikibabaisha kwa Kiswahili:

*mfalme amekila kiti chake,
mji umeachiwa kutu,
nani atanoa asubuhi?*

Hakuna aliyecheka. Nilitegemea wacheke.
Nyamizi akaweka kikombe chini.
"Na unaimbwaje huo?"

Sijui. Sijawahi kuusikia.

Nyuma yetu kompresa ya chumba cha barafu
ilishtuka, ikaanza kunguruma kama kawaida yake.
Nyamizi akakigeuza kisu,
akagonga mpini kwenye meza ya bati,
mara mbili, akasubiri.

Nikaweka kiganja.

"Haraka zaidi," nikamwambia. "Hawa hawana subira."