Ufunguo wa Kumi na Saba

Redioni waziri kasema
mauaji yameshuka, theluthi nzima,
na sauti yake ilikuwa imepigwa pasi.
Nikazima mashine ya kuchomelea nisikie vizuri.
Theluthi.
Nikahesabu kwa vidole vyangu vya masizi:
kinyozi kafunga, duka la dawa limefungwa,
muuza supu ya samaki kahamia kwa bintiye, Quito.
Kisima ukikichota hadi tope
kina chake nacho hushuka.

Mimi ni Eleuterio Quimí, mchomelea nondo,
Barabara ya Ishirini na Tisa, Guayaquil,
upande ule ambako jiji huchovya miguu kwenye maji ya chumvi
na kuitoa ikinuka.
Nisiwadanganye: hofu imenilisha.
Mwaka ambao wenzangu walizika, mimi nilipaua ghorofa ya pili.
Risasi usiku, mteja asubuhi:
"Eleuterio, njoo unipimie dirisha."
Nikapima. Upana, kimo,
na lile lisiloandikwa kwenye karatasi:
nani hulala na kabati limeegemezwa mlangoni.

Kwetu hapa, kodi ya vijana wa pikipiki
tunaiita chanjo.
Unachanjwa kila Ijumaa. Cheti hupewi,
lakini ukiikwepa, utaugua tu.
Bi Azucena Tomalá, wa mikate ya muhogo,
hutia noti zake kwenye mfuko wa karatasi
na juu yake mikate miwili ya moto.
"Maana anayekuja kuchukua ni mtoto," asema,
"na hajala."

Mtoto huyo ni Washington.
Nilimshika mimi mwenyewe siku ya ubatizo;
maji yalipomgusa alipiga ukelele
hata kasisi akacheka.

Machi tukafanya kikao: njia ifungwe,
geti la chuma, mita tano,
kila nyumba dola arobaini, kila nyumba ufunguo.
Wa kwanza kulipa alikuwa mama yake Washington.
Noti nne za kumi, mezani.
Moja ilikuwa na doa la mafuta, la duara,
ukubwa wa mkate.
Kikao kizima kikakohoa.
Mwenyekiti akaandika risiti.

Nilichonga funguo thelathini na moja.
Wa kwao ulikuwa wa kumi na saba.
Nikakaa na tupa mkononi muda mrefu.
Jino moja tu, ningelikosea kidogo, kufuli lingegoma
nami ningesema chuma cha siku hizi si chuma.
Sikulikosea.
Kazi ni kazi. Au ni woga.
Au ni yale maji ya kanisani, sijui.

Tangu geti lisimame watu hutoa viti nje jioni,
na Ijumaa imebaki Ijumaa,
ila sasa haji na pikipiki;
huja kwa miguu, na ndara, na shikamoo zake.

Halafu usiku mmoja wa Juni
uso wa Bi Azucena ukadondoka upande mmoja.
Ambulansi ikafika haraka, kwa mara ya kwanza katika historia yetu,
ikasimama nje ya kazi yangu nzuri
ikizungusha taa nyekundu kwenye nondo.
Funguo ziko wapi? Suruali ipi? Droo ipi?
Mimi niliyezichonga zote sikuuona wangu.
Washington akatoka peku,
ufunguo shingoni, umefungwa pamoja na medali ya Bikira,
akafungua,
akashika ncha moja ya machela.

Leo waziri kaongeza asilimia nyingine mbili.
Sikuizima mashine.
Bi Azucena yupo wodini, huongea kwa nusu ya mdomo.
Nilipokwenda kumwona alinivuta shati,
akataka kujua leo ni siku gani.
Nikamwambia.
Akahangaika, akatafuta neno, akalipata:
na yule mtoto,
nani kampa mkate?