Rivasi Kwanza

Walioliunda gari hili walikuwa na lao jambo:
tundu la ufunguo hawakuliweka kando ya usukani
bali chini, katikati ya viti viwili, nyuma ya gia,
pale mkono wa dereva unapopumzika,
pale kikombe kinapomwagika.

Na ufunguo hautoki
mpaka uingize gia ya kurudi nyuma.
Baba hakuchoka kunikumbusha:
"Rivasi kwanza, Gunvi, ndipo uende zako."

Ni Machi, Skellefteå. Theluji imefika madirishani,
banda linanuka misonobari na panya.
Ufunguo umeingia, haugeuki,
umegoma kama mtoto aliyeitwa na mgeni.
Kaka yangu Valfrid apiga simu kutoka Malmö:
"Liuze kwa kilo. Au kata nyaya, unganisha,
liwake kama la wizi."
Kwake kisichofunguka ni cha kuvunjwa.
Nikamwambia simu inakatika.
Haikuwa inakatika.

Spana namba kumi: betri, hasi kwanza.
Skurubu nne za kava, na ya tano
iliyojificha chini ya zulia, nusu saa nzima
nikiitafuta kwa matusi ya bibi yangu,
mcha Mungu aliyeyajua yote.
Kisha ufunguo: nikaugonga kwa kipini cha nyundo,
nikaubembeleza, nikaugonga tena.
Ukasogea robo.
Nikachomeka sindano ya kufumia sweta kwenye kitundu,
kilimi kikalala,
na silinda ikaniangukia kiganjani,
fupi kuliko kidole gumba.
Kumbe ni hiki tu
kilichozuia tani nzima ya chuma.

Meza ya jikoni. Gazeti la juzi. Taa ya kushonea.
Vibati vya shaba, vyembamba kama kucha,
navipanga kwa mpangilio nisijekosea,
na katikati yake uji mweusi, mgumu:
sukari, kahawa, chembe za mkate mkavu,
unywele mmoja wa Hulda, mbwa
aliyekufa kabla ya mama.

Siku niliyoolewa baba hakuingia kanisani.
Alifika hadi getini, watu walimwona,
akarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu.
Alisema kahawa ilimmwagikia suruali.
Miaka ishirini na sita sikumwamini,
hata baada ya ndoa yenyewe
kuthibitisha alichokataa kukisema.

Sasa nakwangua kahawa kwa ncha ya kisu.
Naikwangua, nainusa, mjinga mimi.
Alikunywa humo kila asubuhi ya maisha yake.
Kahawa haina tarehe.

Springi ikaruka. Nikatambaa sakafuni, tochi mdomoni,
chini ya friji, chini ya jiko,
nikaikuta, baada ya kukata tamaa,
imenasa kwenye sufi ya mkono wangu mwenyewe.

Silinda mpya imekuja kwa posta na ufunguo wake,
unaometa, usio na mtu.
Ningeweza kuitia hivyo hivyo, nikalale.
Badala yake nimehamisha vile vibati, kimoja kimoja,
kutoka cha zamani kwenda kipya;
viwili vilivyolika nikavitafutia mbadala,
nikavipiga tupa, nikapima, nikapiga tena,
hadi ufunguo wa baba, uliopinda shingo,
ukapita humo bila kukwaruza.

Saa saba za usiku, pumzi yangu ni moshi.
Nimeketi kiti chake, ambacho hakirudi mbele,
magoti yangu hayafiki popote.
Nageuza.
Taa nyekundu, taa ya manjano, na redio,
ambayo sikujua iliachwa wazi,
inataja upepo wa Ghuba ya Bothnia
kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka.
Injini inakohoa mara mbili, inakataa. Sawa. Kesho.

Nauvuta ufunguo. Hautoki.
Nauvuta kwa nguvu, kama Valfrid.

Halafu nacheka peke yangu gizani,
nakanyaga klachi,
natia rivasi.