Jina Hufuata Kichwa

Maji yawe ya moto wa kuvumilika, si ya chai.
Ya chai yanafuta rangi ya midomo.
Namshika Saumu kichwa chini, nywele kwenye mfuko wa sukari,
nahesabu mpaka mia
huku fundi redio wa ng'ambo, Barabara ya Tisa,
akijaribu spika ile ile tangu asubuhi.

Kisha navuta. Si kwa nguvu, kwa kuzungusha,
kama anayefungua chupa asitake kumwamsha mtoto.
Tok.
Kichwa kiganjani. Mwili mezani, mikono juu,
kama mtu aliyepewa habari akiwa bado anavaa.

Ninayo miili minne mingine ya kuchagua.
Mmoja mfupi, nyayo bapa, unasimama bila kushikwa;
huo nauheshimu, visigino haviuhusu.
Mmoja una nyonga. Nyonga hasa,
za kudai kanga iongezwe upande.
Mmoja viungo vyote vinacheza, kiwiko, goti, kifundo,
unaweza kushika kikombe, kujikuna mgongo;
niliununua kwa pesa ya sare za watoto wa Mhina
na mume wangu mpaka leo anajua nilinunua uzi.
Wa mwisho ulitoka kwenye robota la mitumba, Mgandini,
bila kichwa, umepauka ubavu mmoja:
ulilala dirishani kwa watu, miaka.

Rangi ndiyo kazi yenyewe.
Uso wa Saumu ni kahawa iliyotiwa tangawizi.
Ukiupa mwili wa kahawa ya maziwa
utaona mpaka shingoni,
kama kola iliyofuliwa na mwenye haraka.
Napeleka mlangoni, kwenye jua la saa nne.
Taa ya ndani huongopa, inawaoanisha wote.

Mimi naye sawa. Mchana kutwa napima watu.
Bi Mwanamkasi wa Makorora ananyanyua mikono:
"Andika thelathini na nane."
Utepe unasema arobaini na nne.
Naandika thelathini na nane, nakata arobaini na nne,
Ijumaa anajigeuza mbele ya kioo,
"Si nilikwambia?"
Miaka kumi na tisa, na daftari langu
halina nambari hata moja ya kweli.

Zamda, mtoto wa dada, kidevu juu ya meza:
"Mamdogo, ukimbadili mwili, bado ni Saumu?"
Jina hufuata kichwa, nikasema.
Akaugusa ule mrefu, ulioachwa,
uliovaa gauni la zari siku ya picha.
"Na huyu? Huyu hakumbuki kitu?"
Nikamtuma aniletee mkasi.
Mkasi ulikuwa shingoni mwangu, unaning'inia.

Nimechagua nyonga.
Shingo imegoma, imegoma, imeingia.
Jicho lile lile la pembeni, mdomo ule ule wa kujua,
ila sasa anakaa kama mtu aliyekwisha kula,
asiye na gari la kuwahi.
Gauni la zari likafika mapajani, likakataa.
Sikumlaumu. Nikafumua ubavuni,
nikatia kipande kilichobaki cha Bi Mwanamkasi,
kijani, chenye maua madogo.
Hakioani na zari. Kinatosha.

Usiku nikafungua daftari, ukurasa mpya.
Saumu. Nyonga: inchi tano na robo.
Nikarudia kupima. Tano na robo.

Ule mrefu nimeulaza kwenye kopo la biskuti.
Mikono haikubali kushuka,
kifuniko kimekaa upande.