Mgeni Nenda, Mwenyeji Apone

Aliyezisimika aliitwa Pazi. Sasa yuko Dodoma.
Kila seva aliipa jina la mtaa,
akaliandika kwa kalamu nene juu ya plasta ya kidonda:
Tandale, Kigogo, Mburahati, Buguruni,
thelathini na moja kwa jumla, zikiwemo Mbagala mbili
kwa sababu Mbagala, alisema, haiishi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa.
Humu, ghorofa ya nne, Mtaa wa Zanaki,
methali tunaivaa nje ndani:
mgeni nenda. Nenda kwanza, taratibu, usishtuke,
mwenyeji wako apone.

Saa sita na robo, usiku wa kuamkia Jumapili.
Nje joto limejilaza juu ya lami kama mtu aliyekatiwa umeme.
Mimi nimevaa sweta nililonunua Lushoto
nikidhani sitalivaa tena.

Naanza na Tandale. Ina wapangaji kumi na wanane,
mashine pepe, hazina mwili wala godoro:
ipo ya bohari ya dawa, ipo ya karo za chuo,
na moja ya zamani, hakuna ajuaye ni ya nani,
hakuna anayethubutu kuizima.
Nazihamishia Kigogo moja moja.
Hazibebi vyombo. Hazidai kurudishiwa kodi.
Asilimia arobaini. Sabini. Tisini na tisa,
na hapo kwenye tisini na tisa
ndipo ninapoacha kutafuna karanga.

Saa saba kasoro tatu, wodi ya wazazi, Temeke,
mkunga aliandika jina la mtoto.
Sina ushahidi, ila saa zinalingana:
*Mwana* lilipokelewa Tandale,
*tumu* likapokelewa Kigogo.
Mkunga hakuona kitu. Mtoto ana jina zima.

Tandale tupu. Sasa naweza kuigusa.
Kwanza programu dhibiti, ile ilalayo chini ya kila kitu,
ndiyo hukiambia chuma kila kinapoamka
kuwa kina macho, kina mikono.
Kisha madereva: wa kadi ya mtandao, wa diski.
Lazima wawe rika moja nayo.
Dereva mkongwe ndani ya gari jipya
ataitafuta gia pale ilipokuwa zamani.

Naijua hiyo. Mwezi wa tatu, kwenye Mbagala ya pili,
nilisasisha programu dhibiti, madereva nikawaacha.
Usingizi. Nikasema nitamalizia kesho.
Ikawa inapoteza diski zake, inazipata, inazipoteza,
kama mtu apapasaye miwani iliyo usoni mwake.
Siku tisa tulilaumu nyaya.
Tukamlaumu fundi wa viyoyozi, mtu wa watu.
Chande akalaumu chumvi ya hewani.
Chumvi ya Dar husingiziwa mengi.
Mimi nilikuwa najua tangu siku ya nne.

Feni zinanguruma, zinanyamaza.
Kioo cheusi. Dakika ya tatu. Ya tano.
Bi Siwema wa ulinzi anachungulia mlangoni.
"Imekufa?"
"Inajihesabu."
"Haya." Anarudi kwenye redio yake.

Taa ya kijani.

Sita tu, hadi saa kumi na nusu.
Kwenye daftari la Pazi najaza tarehe, toleo, jina langu,
mwandiko wangu ukiupanda mwandiko wake.
Zimebaki ishirini na tano, usiku nne zaidi,
na nikiifikia ya mwisho
Tandale itakuwa imeshazeeka, toleo jipya limetoka,
nitavaa tena sweta.

Mbagala ya pili naiacha ikiwaka bila mpangaji.
Imepona, vipimo vinasema imepona.
Hata hivyo nimekata plasta nyingine, nimeandika
*bado msilete mgeni*,
nikaibandika kidogo upande,
isifunike jina.