Faharasa ya Virve Põldmäe

Januari, Tartu. Mto Emajõgi umeganda
na jopo linataka hesabu kabla ya Ijumaa.
Mimi mkutubi; kazi yangu ni kuchota tarakimu:
makala ngapi, zimenukuliwa na nani, mara ngapi,
kisha kuzikamua zote zibaki kipimo kimoja
kinachoitwa kwa herufi moja, kama shati.

Kaarel Ojaste wa fizikia ana herufi iliyonona.
Makala yake moja ina waandishi elfu moja na mia nne;
majina yanajaza kurasa tisa kabla ya sentensi ya kwanza,
naye yumo ukurasa wa sita, safu ya kushoto,
amebanwa na wenzake ambao hajapata kuwaona.
Simlaumu. Fani yao hupika kwa masufuria ya arusi.

Virve Põldmäe ni mtaalamu wa nyungunyungu.
Makala kumi na moja, miaka thelathini na minne.

Ile kubwa, kurasa mia mbili na sita,
ya nyungunyungu wa mashamba ya viazi huko Võru
(aliichimba kwa magoti, misimu ishirini na miwili,
kila mmoja akimpima urefu na kumrudisha udongoni),
imenukuliwa mara mbili.
Mara moja na yeye mwenyewe.
Mara ya pili na Urmas, mwanafunzi wake,
ambaye siku hizi anaoka mikate Pärnu,
na mikate yenyewe, nasikia, haina mfano.

Lakini ipo nyingine, kurasa tatu tu,
aliyoiandika usiku mmoja mafua yamembana,
akinyoosha hesabu ya zamani iliyopinda:
ukichimba mara mbili pale pale,
waliotoka kwanza na waliotoka baadaye
watakwambia wangapi wamebaki chini.
Hiyo ilitoroka shambani.
Wameichukua madaktari wa kifua wa Lima
wakadirie wagonjwa wasiofika zahanati;
wameichukua wasaka makosa ya programu za benki,
mtu wa hati za kanisa anayetafuta watoto wasiobatizwa,
na polisi wa Rotterdam, sijui kwa nini,
makala yao imefungwa, inalipiwa.
Mara elfu tatu mia sita na kumi.
Hakuna hata mmoja aliyetaja nyungunyungu.

Nilimpelekea karatasi asaini.
Akavua miwani, akaisogeza karatasi dirishani,
akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe mimi ni daktari wa kifua," alisema.
Kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia mwavuli wake,
iwapo nimelitafuta jina lake bila vidoti na kiwimbi.

Sikuwa nimelitafuta.
Mashine haziwezi kumeza õ; ä huzikwama kooni.
Nikarudi, nikaandika Poldmae, nikaandika Pldme,
nikaandika Poeldmaee, kama Wajerumani wangefanya,
na saa mbili usiku, joto la jengo limeshazimwa,
nikiwa na koti na glavu moja,
ikajitokeza tanbihi ya kumi na saba
ya mwalimu wa kilimo wa Latvia, Aivita Strazdiņa.
Jina limekosewa. Mwaka umekosewa.
Ukurasa lakini ndio wenyewe, mia na arobaini na tatu,
wa yule nyungunyungu mwenye kovu
aliyechimbuliwa misimu minne katika shimo lile lile.
"Nami wa kwangu nilimrudisha," ameandika Aivita,
na hapo tanbihi inaishia.

Mbili ikawa tatu.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango
nilipokumbuka zile kurasa tatu za mafua.
Nimechimba mara mbili pale pale, si ndiyo?
Mbili, halafu moja.
Nikaketi tena, nikaiendesha hesabu yake kwa penseli
nyuma ya bahasha ya jopo.
Ikatoa nne, kavu, haina hata desimali.
Maana yake, mmoja bado yuko chini.

Fomu haina kisanduku cha aliye chini.
Nikaandika tatu, nikapiga muhuri.
Herufi yake haikusogea; shati ni lile lile.
Bahasha nimebaki nayo.