Kikohozi cha Bomba

Jina langu Sikujua.
Alinipa bibi mzaa mama, kwa sababu zake,
nami nimelibeba hadi Gerezani,
hadi maabara ya ghorofa ya pili
ambako feni moja huzunguka na moja hutazama.

Mwaka wa kwanza, juma la tatu,
kapasita ililipuka mezani kwetu kama bisi.
Mwalimu Nyenyembe akauliza bila kugeuka:
“Nani amepindua chanya na hasi?”
Nikasimama. “Sikujua.”
“Sijauliza jina.”
Darasa zima likacheka,
hata ile feni iliyokufa, nadhani.

Usiku nikaandika daftarini:
mstari mweupe ubavuni ni hasi.
Ndivyo nilivyosoma chuo, mkitaka kujua.
Yaliyokaa ni yale yaliyoniunguza.
Tazama, kovu la pasi ya risasi,
hapa, kidole cha shahada:
shahada yangu ya kwanza.

Mwaka wa pili nukta-mkato moja
ilininyima usingizi siku mbili.
Tumpe wa kitanda cha juu aliiona
akipiga mswaki.

Mwaka wa tatu wakasema: buni kitu.
Mama anauza maji Keko Machungwa,
kila ndoo mstari mmoja wa mkaa ukutani,
ya tano inazikata nne kwa mshazari.
Nikamwambia, mama, futa ukuta,
nimekuletea mashine:
kopo la siagi lenye kioo kidogo cha namba
na kihisi chenye gurudumu, shingoni mwa bomba.

Jioni kopo likasema hamsini na mbili.
Ukuta (hakuwa ameufuta)
ukasema arobaini na nne.

Nikautazama ukuta kwa huruma.
Nikamweleza mama habari za makosa ya binadamu,
uchovu, usahaulifu, mkono kutetemeka.
Akanisikiliza hadi mwisho
kama anavyomsikiliza mteja wa mkopo.
“Lala hapa leo,” akasema. “Maji yanakuja alfajiri.”

Saa kumi na moja kasoro, giza bado,
bomba likaanza: kho. Kho. Fuuu.
Upepo mtupu,
na gurudumu langu linazunguka kwa furaha,
moja, mbili, tatu,
linahesabu ndoo za hewa,
huku ndoo yenyewe chini ni kavu,
sisimizi anakatiza katikati.

“Bomba hukohoa kwanza,” mama akasema.
“Mimi sishiki mkaa mpaka limalize.”
Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nikapima kikohozi majuma matatu kwa saa ya simu.
Siku nyingine sekunde kumi na tisa,
siku nyingine dakika mbili na ushee,
baada ya mgao mrefu sijui hata niseme nini.
Nilitafuta kanuni, sikuipata.
Nikaenda Kariakoo, nikanunua nyaya mbili,
nikazivua ngozi, nikazitia ndani ya bomba:
maji yakizigusa zote, hesabu.
Yasipozigusa, nyamaza.
Mistari minne tu ya msimbo.
Ule wa kwanza ulikuwa na mia mbili na kumi.

Siku ya utetezi walikaa watatu, miwani sita ya vioo.
Mgeni kutoka chuo kingine akafunua ukurasa wa marejeo,
akasoma kwa sauti jina la mama,
“mahojiano, Keko Machungwa, alfajiri.”
Akafikiri kidogo.
“Na toleo la kwanza, kwa nini lilikosea?”

Nilikuwa na jibu refu, lenye mchoro,
la mgandamizo wa hewa na kasi ya gurudumu.
Nililikariri bafuni.
“Sikujua,” nikasema.
Mwalimu Nyenyembe akainamia karatasi yake,
mabega yakimcheza.

Kopo bado lipo. Ukuta nao upo.
Mama anatumia vyote viwili.
Vikikubaliana hasemi kitu,
vikipishana ananipigia.
Jana vimepishana kwa ndoo moja.
Naenda Jumamosi.
Nitaanza kwa kuusoma ukuta.