Makopo Manne ya Limi

Limi amepanga makopo manne dirishani,
ya maziwa ya unga, matako yametobolewa kwa msumari.
Mwalimu kasema: mbegu ileile, maji yaleyale,
udongo tu ubadilike.

La kwanza ni luseni, mchanga wa kule kwenye majabali.
Unakunywa maji kama mlevi siku ya mnada
na asubuhi haukumbuki kitu.
Muhindi umeota mwembamba, njano kwenye ncha,
mtoto wa mlo mmoja.

La pili ni mbuga: nyeusi, nzito,
ile inayong'ang'ania jembe kama mdai,
ambayo kiangazi hupasuka hadi panya wakahamia.
Humo jani limetanuka, pana, kijani cha kushiba,
kama ulimi wa ng'ombe.

La tatu ni luseni tena, ila ametia konzi ya urea
pahali pa kijiko kisichojaa.
"Nilitaka uwahi, baba."
Uliwahi siku tano. Siku ya sita kingo zikaungua
kana kwamba mtu ameupitisha jikoni.
Nikamweleza: chumvi ikizidi huvuta maji kutoka mzizini,
mmea unakufa kiu huku umelowa.
Akaandika.

La nne halijaota.
Nimefukua kwa kidole: punje imevimba, imelegea, inanuka.
Udongo huu umeuchota wapi?
Akaonyesha nyuma ya jiko,
pale kwenye jiwe bapa.

Misimu kumi na mmoja ya pamba
nimeoshea pampu pale.
Dawa ya funza, na miaka hii dawa ya magugu pia,
maji meupe kama maziwa
yakiteremka mferejini, mfereji ukiingia Simiyu,
na Simiyu haina pengine pa kwenda ila ziwani.
Nilidhani hata majani hayaoti pale
kwa sababu ya kukanyagwa.

Daftari lake lina safu: siku, urefu, rangi ya jani.
Kwenye la nne kajaza sufuri, sufuri, sufuri,
na pembeni, kwa mwandiko wa kuinamia kushoto: *Sababu?*
Anakusanya Ijumaa.

Amelala sasa. Penseli iko mezani,
imetafunwa mkiani.
Mama yake hajasema neno,
amesogeza tu koroboi
upande wangu.